Wazee walioanzisha shirika hawaniachii kazi

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni mkurugenzi mtendaji wa shirika dogo lisilo la kiserikali hapa Iringa. Kwetu ni Tukuyu. Kabla ya hapa nilikuwa Mbeya nikisimamia miradi kwenye shirika kubwa, ambako bodi ilikuwa Dar es Salaam na sisi wa mikoani tuliisikia tu kwenye nyaraka. Huku nilikokuja mwezi wa pili, bodi inafika ofisini kabla yangu.

Shirika lilianzishwa mwaka 2005 na watu watano: muuguzi mkunga ambaye sasa amestaafu, walimu wawili mume na mke, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mama mmoja kiongozi wa akina mama kanisani. Wakati ule Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, yatima wa UKIMWI walikuwa wengi vijijini, na dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kutolewa bure. Hawa watano walichanga mahindi, wakashonesha sare, wakalipa ada za sekondari kwa fedha zao wenyewe. Mpaka leo wao ndio bodi, na wao ndio mkutano mkuu. Mwenyekiti ni yule muuguzi. Ofisi nzima tunamwita Mama.

Kazi yetu kubwa sasa ni lishe. Tuna mradi wa miaka mitatu wilayani Kilolo wa kupambana na udumavu, na mfadhili ndiye aliyetaka awepo mkurugenzi wa kuajiriwa. Mimi ndiye wa kwanza. Kabla yangu Mama aliendesha kila kitu bila mshahara.

Sasa shida zangu. Ufunguo wa stoo uko kwenye pindo la kanga ya Mama, nikihitaji mizani au ubao wa kupimia urefu wa watoto inabidi nimsubiri. Kitabu cha hundi kiko dukani kwa mweka hazina, Mlandege. Mwezi wa tano alisafiri kwenda Dar kufuata mzigo, kodi ya mishahara ikachelewa kufika TRA, tukapigwa faini. Saruji na mabati ya kukarabati ofisi tulichukua dukani kwake bila bei za kulinganisha, na mkaguzi wa hesabu ameliandika hilo kama hoja. Mwalimu, yule mume, anapitia kila taarifa yangu kwa kalamu nyekundu kabla haijaenda kwa mfadhili. Wafanyakazi nikiwapa maelekezo wanaitikia, halafu wanampigia Mama kuuliza kama ndivyo.

Lililonivunja moyo ni hili. Tulikuwa na siku ya upimaji Dabaga. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walishawatangazia akina mama, na ofisa lishe wa halmashauri alikubali tuongozane. Nafika asubuhi, gari halipo. Mama alikuwa amemwagiza dereva tangu alfajiri apeleke magunia ya mahindi na viti msibani Ilula, alikofariki mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kujitolea na shirika. Akina mama wa Dabaga walikaa na watoto mgongoni mpaka saa nane mchana, wakaondoka. Nilipomuuliza Mama alinijibu kwa upole kabisa: "Binti yangu, miradi inakuja na kuondoka. Watu wanabaki." Dereva alikuwa amesimama pale pale akisikiliza.

Basi nikaandika waraka wa kurasa kumi na mbili kuhusu mgawanyo wa majukumu kati ya bodi na menejimenti, kwa Kiingereza ili na mfadhili ausome, nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la bodi. Hakuna aliyejibu. Jumapili iliyofuata Mama alinipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Mfadhili ameshaandika kwamba hatoi awamu ya pili mpaka aone maandishi yanayoonyesha nani anaamua nini. Kikao cha bodi cha robo mwaka ni mwezi ujao. Rafiki zangu wananiambia niwaeleze wazi, ama mimi ama wao. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika, iko kwenye droo. Lakini kazi hii naipenda, na wale wazee nawapenda. Nifanyeje?

Mkurugenzi Mpya, Iringa


Marahaba mwanangu.

Hiyo ya "ama mimi ama wao" iache kabisa. Hao ni bodi, na mkutano mkuu ambao ungeukatia rufaa ni wao tena. Ila hata kama ungekuwa na pa kukimbilia ningekukataza, kwa sababu hakuna aliyekaa kwenye kiti chako. Kiti chako hakikuwepo. Kwa karibu miaka ishirini wale wazee ndio waliokuwa mkurugenzi, mhasibu, mtunza stoo na dereva. Mwaka huu wamekuajiri, wakakupa barua yenye cheo, na hakuna hata mmoja aliyekaa nao akawaambia kuanzia Jumatatu hii lipi liishe mikononi mwao na lipi libaki. Mfadhili alitaka mkurugenzi awepo, akapata mkurugenzi. Kazi ya kuwavua wazee majukumu waliyoyabeba kwa mapenzi imeachwa njiani, na wewe ndiye uliyeikuta.

Kwa hiyo usianze na swali la nani mkubwa. Anza na hili, na ulishike mpaka liwe lugha ya ofisi nzima: bodi ina mamlaka ikiwa imekaa kikao. Akidi imetimia, ajenda imefunguliwa, azimio limeandikwa, hapo hata wakikuamuru jambo usilolipenda unatii, maana wao ni waajiri wako. Kikao kikishafungwa, mjumbe mmoja mmoja hana amri juu ya dereva, wala stoo, wala juu yako. Mwenyekiti naye vivyo hivyo. Akija Jumanne kusaidia upimaji, siku hiyo ni mtu wa kujitolea, na anayempangia kazi ni ofisa wako wa lishe. Wazee wako wamevaa kofia tatu: za mwanachama, mjumbe wa bodi na mtu wa kujitolea. Hakuna kosa kuwa nazo zote. Taabu yenu inaanzia pale mtu anapotoa amri ya kofia moja akiwa amevaa nyingine, kama alfajiri ile ya msiba.

Sasa itafute katiba ya shirika, ile yenye muhuri wa Msajili. Mashirika mengi madogo katiba iliandikwa siku ya kusajili na tangu hapo haijafunguliwa. Isome yote wewe mwenyewe. Angalia inasema nani anateua mkurugenzi, nani anatia saini benki, wajumbe wa bodi wanakaa muda gani, na nani ni katibu wa vikao. Hilo la mwisho nakuomba ulisome mara mbili, kwa sababu kwenye katiba nyingi za mashirika yetu mkurugenzi mtendaji ndiye katibu wa bodi, bila haki ya kupiga kura. Kama kwenu ni hivyo, una kitu kikubwa mkononi kuliko ule waraka wa kurasa kumi na mbili.

Katibu ndiye anayeandaa ajenda. Katibu ndiye anayeandika muhtasari. Kikao kinachofuata kinafunguliwa kwa kuuthibitisha muhtasari huo, kisha yatokanayo: tulikubaliana nini, nani alipewa, amefikia wapi. Wazee wa kizazi hicho, na hasa walimu, wanauheshimu utaratibu wa kikao kuliko unavyodhani. Hawataki kuambiwa na kijana kwamba wanaingilia. Lakini jambo likiwa limeandikwa kwenye muhtasari ambao wao wenyewe wameuthibitisha na mwenyekiti ametia saini, watalilinda. Kila azimio liandike na jina la mhusika na tarehe. "Bodi iliazimia matumizi ya gari yapangwe na mkurugenzi" ni sentensi fupi, na siku dereva akiletewa agizo la alfajiri anayo ya kujibu bila kumvunjia mtu heshima: "Mama, ngoja nimpigie mkurugenzi."

Kuhusu ule waraka, mwanangu, haukusomwa. Kurasa kumi na mbili za Kiingereza kwenye simu, kwa watu wazima ambao wengine wanatafuta miwani kwanza, haziwezi kusomwa. Na hata kama mmoja alisoma, alichoona ni orodha ya mambo aliyokatazwa. Uandike upya kwa Kiswahili, kurasa mbili zitoshe. Upige chapa kwa maandishi makubwa, utie kwenye bahasha pamoja na makabrasha mengine ya kikao, na bahasha zifike majumbani mwao wiki nzima kabla.

Kabla ya bahasha hizo, nenda nyumbani kwa kila mmoja. Nenda peke yako, jioni, usiende mikono mitupu, na usibebe karatasi. Usimkutanishe mume na mke kwa mazungumzo mamoja, kila mwalimu ana lake. Waulize walivyoanza, waache waseme. Halafu uliza swali moja tu la kazi: "Ukiacha leo kuja ofisini, unaogopa nini kitaharibika?" Majibu yake ndiyo ajenda yako ya kweli. Huenda mweka hazina atakuambia aliwahi kuona fedha za mradi zikiliwa mahali pengine, ndiyo maana kitabu cha hundi hakiachi mbali. Huenda Mama anaogopa kwamba mtu wa kuajiriwa ataondoka siku mradi ukiisha, na kijijini watamfuata yeye kumuuliza. Woga huo una msingi. Ni kweli miradi inaondoka. Alichokosea Mama ni kwamba siku ile wale akina mama wa Dabaga nao walikuwa watu.

Mwambie hilo, ila si mbele ya dereva. Mwambie nyumbani kwake, kama mtoto anayemweleza mzazi, na umweleze kwa sura: nani alitoka kitongoji gani, alitembea kwa muda gani, mtoto wa miezi mingapi alikuwa mgongoni. Mkunga mstaafu ataelewa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni 30. Mkoa wenye mahindi, maharage, viazi na mboga za kuuza Dar. Mama alipolianzisha shirika mtoto aliyehitaji msaada alikuwa yule aliyefiwa, kila mtu alimwona. Aliyedumaa haonekani, anacheza uwanjani na wenzake, na nafasi ya kumwokoa ni zile siku 1,000 za kwanza tangu mimba inapotungwa. Siku ya upimaji ikipotea kwa mtoto wa aina hiyo, kuna kitu kimepotea. Nina hakika mwenyekiti wako hajawahi kuelezwa jambo hili na mtu anayemheshimu. Ameelezwa na wafadhili, kwa michoro.

Na hapa naona kitu ambacho hukukiandika lakini kimo ndani ya barua yako. Wale wazee walianzisha shirika la yatima. Leo shirika ni la lishe. Ada walizokuwa wakilipa zilifutwa, maana tangu mwaka 2016 elimu mpaka kidato cha nne haina ada. Yatima wa 2005 leo ni watu wazima, wengine wana watoto. Je, bodi iliwahi kukaa ikaamua kwa sauti yake kwamba sasa tunafanya lishe? Au mradi ulikuja na fedha, andiko likasainiwa, mkaendelea? Kama haijawahi, usishangae magunia ya mahindi kupanda gari. Kwa Mama, magunia yale ndiyo shirika. Swali la "sisi ni shirika la nini" ni la bodi, si lako. Uwarudishie. Liwe ajenda ya kwanza kikaoni, lipewe saa nzima, na wewe uwe umeandaa ukurasa mmoja wa mlivyofanya Kilolo. Bodi iliyochoshwa na swali kubwa kama hilo haitakuwa na haja ya kuhesabu ndoo stoo. Sisemi hivyo kuwadharau. Mtu mwenye akili asipopewa jambo zito la kuamua, ataamua mepesi yaliyo karibu naye.

Sasa fedha, na hapa sina upole mwingi.

Kitabu cha hundi kirudi ofisini, kwenye kabati lenye kufuli. Mweka hazina abaki mtia saini, hilo ni jambo jema, na awepo mtia saini wa akiba ili safari ya Dar isisimamishe malipo. Kodi ya mishahara inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, haingoji mzigo ushuke. Michango ya NSSF nayo ni jasho la wafanyakazi, ikichelewa ni haki yao imechelewa. Mpange viwango: mkurugenzi aidhinishe peke yake mpaka kiasi fulani, zaidi ya hapo na mweka hazina, na juu ya kiwango cha tatu iwe bodi. Mashirika ya ukubwa wenu huwa yanaanzia shilingi laki tano au milioni moja kwa ngazi ya kwanza, ninyi mtaangalia bajeti yenu. Na pasiwepo hundi inayotiwa saini ikiwa tupu, hata mtu akiwa anasafiri, hata mkiaminiana kama ndugu wa tumbo moja.

Saruji na mabati ya dukani kwake ni jambo la kusema wazi kikaoni, yeye akiwepo. Simtuhumu. Inawezekana kabisa alitoa kwa bei ya chini kuliko mtu yeyote Mlandege, na kwa miaka mingi alikopesha shirika bila kudai. Lakini hakuna karatasi inayoonyesha hivyo, na hoja ya mkaguzi haifutwi kwa kusema tunamfahamu. Kuanzia sasa ununuzi unaozidi kiwango mlichokubaliana uwe na bei za maduka matatu, na mjumbe mwenye maslahi aseme mapema, atoke nje wenzake wakiamua, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Nenda kwake kabla ya kikao umwombe alete pendekezo hilo yeye mwenyewe. Litamtoa kwa heshima kuliko likitoka kwako.

Uwaeleze pia, bila vitisho, kwamba utaratibu huu unawalinda wao. Kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, na marekebisho yake, kila mwaka shirika linapeleka kwa Msajili taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa, na majina yaliyo kwenye faili la usajili ni ya wale wazee watano. Wewe unaweza kuhama kesho, wao hawahami. Kama hawakuamini kwa sababu u mgeni, mwalike kwenye kikao ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, maana ofisi hiyo ndiyo inayofanya kazi za msajili msaidizi wilayani. Aje aeleze wajibu wa bodi kwa nusu saa. Neno likitoka kwa ofisa wa serikali halitasikika kama lako.

Wewe nawe una deni kwao. Mzazi asiyepata habari za mtoto anakwenda kugonga mlango. Bodi yenu inajua kinachoendelea kwa sababu inakuja ofisini, basi ukitaka isije, habari ziifuate nyumbani. Kila Ijumaa mpigie mwenyekiti, au mpelekee, dakika kumi na tano: wiki hii tumefanya hili, limekwama hili, wiki ijayo gari linakwenda hapa, salio benki ni hili. Jambo baya likitokea alisikie kwako kabla ya kulisikia sokoni. Fanya hivyo hata wiki ambayo umekasirika naye. Kisha mwishoni mwa kila mwezi wote watano wapate ukurasa mmoja wenye mapato na matumizi. Mwalimu wa kalamu nyekundu mwombe rasmi awe msomaji wa taarifa za robo, mkubaliane siku tatu za kusoma, zikishapita siku hizo taarifa inaondoka. Huyo usimpoteze. Wakurugenzi wangapi wana mtu wa kuwasahihishia Kiswahili na hesabu bure?

Na Mama mpe kazi. Kazi ya kweli, ya maandishi, yenye siku zake. Mkunga aliyezalisha nusu ya wilaya, mradi wa lishe, na wewe unahangaika kumtoa ofisini! Anajua ni bibi yupi mwenye kauli juu ya uji wa mjukuu. Anajua wapi mama mwenye mimba anabeba kuni mpaka mwezi wa tisa na wapi mume akielezwa vizuri anasikia. Mambo hayo hayamo kwenye andiko la mradi. Awe mlezi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, siku mbili kwa wiki vijijini, awafundishe kuzungumza na wakwe na waume. Nauli na chakula vilipwe kwa utaratibu ule ule wa watu wote wanaojitolea, na ratiba aipange ofisa lishe. Akishakuwa Dabaga kuanzia saa tatu asubuhi, ufunguo wa stoo lazima ubaki kwa mtunza stoo. Mkabidhishane kwa orodha, mizani ngapi, mbao ngapi, ndoo ngapi, wote watie saini. Usibadili kufuli. Ukibadili kufuli umemfukuza.

Misiba haitaisha, na sitaki uwe mkurugenzi ambaye shirika lake halionekani msibani. Hapa kwetu mzee aliyejitolea miaka yote akizikwa bila ninyi, mtakwenda kijijini kwake mwezi ujao na nani atakaa kuwasikiliza? Ila fedha na gari la mfadhili vina mkataba, na gharama isiyo ya mradi mfadhili akiikataa mnairudisha kutoka mfukoni. Wajumbe na wafanyakazi mchange kila mwezi kiasi kidogo kwenye mfuko wa misiba, uwe na daftari lake na mtunza wake, yule mama wa kanisani atalifanya hili vizuri mno. Mfuko ukodi gari. Na mmoja wenu, ikiwezekana wewe mwenyewe, aende akae chini na wafiwa. Ule msiba wa Ilula kama hujafika mpaka leo, nenda wiki hii.

Wafanyakazi wanaompigia Mama usiwaite wasaliti. Aliwaajiri, aliwauguzia watoto. Siku ya mwisho ya kikao, mwombe mwenyekiti aje mwenyewe kwenye mkutano wa wafanyakazi awasomee azimio kwa kinywa chake: kuanzia leo maelekezo ya kazi yanatoka kwa mkurugenzi. Likitoka kwako ni kujitetea. Likitoka kwake limekwisha. Baada ya hapo wakimpigia, yeye ndiye atakayewarudisha kwako, na mara ya kwanza atasahau, na ya pili atasahau kidogo. Mkumbushe Ijumaa, kwenye zile dakika kumi na tano.

Mfadhili mwandikie sasa hivi, usisubiri kikao. Mweleze tarehe ya kikao, ajenda zilizopangwa, na kwamba atapata maazimio yaliyosainiwa ndani ya siku kadhaa baadaye. Barua isainiwe na wewe pamoja na mwenyekiti. Usimlalamikie kuhusu bodi, hata kama ofisa wao ni rafiki yako wa Mbeya. Shirika likisikika lina nyumba mbili, fedha zinakwenda kwingine.

Barua iliyo kwenye droo iache hapo hapo. Yapo mambo mawili yatakayonifanya nikwambie uitoe: ukitakiwa kutia saini malipo usiyoyajua, au bodi ikikaa kikao halali ikakataa kuweka kwa maandishi nani anaamua nini. Hapo hutakuwa na kazi ya kulinda, utakuwa na jina lako tu. Soma kipengele cha ilani kwenye mkataba wako. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria ya ajira inataka isipungue siku 28, na utumie siku hizo kukabidhi kila kitu kwa orodha. Lakini kwa ulivyoandika, mwenyekiti aliyepokea waraka wako mkali akanyamaza, kisha akapiga simu Jumapili kuuliza kama umekula, huyo anatafuta pa kuanzia mazungumzo. Nenda kwake kwanza, kabla ya wale wanne.